Pindo la Vidole Vinne

Ipo Jumatatu moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na kila ninapoikumbuka mkono wangu wa kulia huihisi rula. Ilikuwa rula ya mbao ya futi moja, kingo zake zimetafunwa na wanafunzi waliokuwa wakihangaika na hesabu. Mwalimu Mkuu alinikabidhi mbele ya shule nzima, akatangaza kwamba kuanzia siku ile mimi, Nyangi, kiranja wa usafi, nitapima sketi za wasichana wote wa darasa la tano hadi la saba. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliipokea rula ile kama mtu aliyekabidhiwa bunduki.

Nikuambie mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, usije ukashangaa mbele ya safari. Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye mkutano wa wazazi, katika shule anayosoma mjukuu wangu hapa Tarime mjini. Ajenda ilikuwa moja tu: sketi. Watu wazima na akili zao walikaa kuanzia saa tatu hadi saa saba wakibishana kama sketi ikome gotini, au ivuke goti kwa inchi mbili, au ishuke mpaka kwenye muundi. Mzee mmoja alisimama akapandisha mguu wa suruali yake ili atuonyeshe muundi unaanzia wapi, watu wakacheka mpaka wakatoa machozi. Wakati huo nje ya lango kulikuwa na msichana ameketi juu ya jiwe, begi mapajani, amezuiwa kuingia tangu asubuhi kwa ajili ya goti hilohilo. Niliponyoosha mkono na kuanza kusema, mwenyekiti alinikata katikati: "Bibi, tunakushukuru sana kwa mchango wako, ila muda umetubana."

Muda umewabana! Saa nne nzima za kuzungumzia miguu ya watoto hazikuwabana, dakika tano za bibi kizee ndizo zikawabana. Basi nimerudi kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Nyamisangura, nimezima redio, na ninakuandikia wewe yale waliyoninyima nafasi ya kuyasema.

Kwetu ni upande wa Machochwe, kule ambako ukitembea kidogo tu unakutana na mpaka wa hifadhi. Ilikuwa miaka ile ya vijiji. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye maboma yetu yaliyotawanyika, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, na shule tukaijenga wenyewe: baba zetu walifyatua matofali, sisi tukachota maji. Asubuhi tulianza na shamba la shule, jembe mkononi, ndipo tukaingia darasani. Sikuambii hayo ili unionee huruma. Tulikuwa na furaha zetu, na tuliimba sana.

Ila nguo ilikuwa taabu. Duka la kijiji likipata kitambaa, habari zilifika nyumbani kabla robota halijafunguliwa, na aliyechelewa kwenye foleni aliondoka na kibiriti. Mwaka mmoja kabla ya Jumatatu ninayokuambia, shule yetu ililetewa kitambaa cha bluu. Fundi mmoja wa Mugumu, Mzee Salumu, alikuja na cherehani yake akakaa siku nne chini ya kibaraza cha ofisi, akatushonea sote. Sketi moja kwa kila msichana. Siku ya kuifua ulijifunga kanga ya mama na hukutoka nyumbani mpaka ikauke.

Sasa Mwalimu Mkuu alikwenda kwenye kikao wilayani, na aliporudi kichwa chake kilikuwa kimejaa sketi. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, aliyehamishiwa kwetu na serikali, na katika mambo mengi sikuona ubaya wake. Alifundisha kwa bidii na alilima pamoja nasi. Lakini Jumatatu ile alituhutubia mstarini kuhusu wasichana wa mjini wanaovaa nguo fupi za kigeni, wanaoiga mambo ya watu, wanaolitia aibu taifa. Sisi tulimtazama tu. Mjini hatukukujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona huyo msichana anayeiga. Sketi zetu zilikuwa zimepanda kwa sababu miguu yetu ilikuwa imerefuka na kitambaa kimebaki palepale, basi.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Wasichana walipiga magoti kwenye changarawe, mstari mzima. Pindo la sketi lilitakiwa liguse ardhi. Lisipogusa, mimi nachomeka rula kwenye ule uwazi, nasoma, naandika jina. Na wavulana? Wavulana walisimama pembeni wakitazama, kaptula zao zimechanika nyuma kiasi kwamba wengine wakiitwa mbele walirudi kinyumenyume. Hakuna aliyewapigisha magoti. Siku ile sikuliona hilo hata kidogo. Nimekuja kuliona baadaye, na mpaka leo linanichemsha damu.

Katika mstari ule alikuwemo Robhi, rafiki yangu. Tuliketi dawati moja tangu darasa la kwanza, tukagawana penseli kwa kuikata katikati. Robhi alikuwa na kichwa cha hesabu ambacho sijapata kukiona tena kwa mtoto. Mwalimu aliandika swali ubaoni, sisi wengine tukawa bado tunanakili, yeye amekwisha kunyoosha mkono. Ijumaa ya nyuma yake nilikuwa nimeitwa ubaoni nikakosea kugawanya, na Robhi alicheka. Alicheka kidogo tu, kama rafiki anavyocheka. Mimi nililala na kicheko kile siku tatu.

Mvua za mwaka ule zilimrefusha Robhi ghafla. Alipopiga magoti, kati ya pindo lake na ardhi palikuwa na upana wa vidole viwili. Akaninong'oneza kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili ili nisipate kisingizio: "Nyangi, nimetoka kupalilia, nimefunga kiunoni juu. Acha niishushe kidogo."

"Nyamaza," nikamwambia. "Kiranja anapima."

Ndivyo nilivyomjibu rafiki yangu, mwanangu. Niliandika jina lake, na sitakudanganya, niliona raha.

Wasichana sita waliandikwa. Kwa kuwa nilikuwa na hati nzuri, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini nimwandikie barua za wazazi. Alinitamkia maneno yenyewe: sketi ya binti yako ni fupi, abaki nyumbani mpaka apate ndefu. Akatoka kwenda kukagua mifereji. Nilibaki na karatasi mbele yangu, nikaona maneno yale ni makavu mno. Mzee Muhere, baba yake Robhi, alikuwa mtu wa rika la baba yangu, Chacha. Ningemwandikiaje mzee kama huyo kwamba miguu ya binti yake inaonekana? Kwetu hilo ni tusi. Basi nikatia adabu. Ya kwao Robhi nikaiandika hivi:

"Kwa Mzee Muhere. Shikamoo. Binti yako amekua. Sketi yake haimfai tena. Abaki nyumbani mpaka apate vazi linalomfaa."

Soma tena neno la tatu la sentensi ile ya kati. Amekua. Katika Kiswahili cha darasani, kukua ni kurefuka, ni kuongezeka, kama mche wa pamba. Nyumbani kwetu, mtu akisema binti wa fulani amekua, amesema jambo jingine kabisa. Amesema sasa akeketwe, na wenye ng'ombe waanze kuja kutazama. Wala usidhani sikujua. Nilijua maana zote mbili, nimezaliwa nazo. Lakini nilikuwa naandika Kiswahili, Kiswahili cha shule chenye nukta na herufi kubwa, na nilidhani neno likishaingia kwenye Kiswahili linaiacha maana ya nyumbani nje ya mlango. Sisi ambao Kiswahili ni lugha yetu ya pili tuna kosa hilo. Tunadhani tukiandika kwa Kiswahili, atakayesoma naye atafikiri kwa Kiswahili.

Mwalimu Mkuu alirudi, akapitisha macho. Hakuwa Mkurya. Aliona salamu, akaona heshima, akasema, "Safi sana, Nyangi, umeandika vizuri kuliko nilivyokutuma." Akapiga muhuri. Robhi akapewa barua yake akaondoka nayo. Mtihani wetu wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Hapa lazima nikueleze hali ya Mzee Muhere, la sivyo utadhani alikuwa mtu wa ajabu. Hakuwa wa ajabu, alikuwa kama wengi. Tangu mavuno alikuwa akipokea wageni kutoka ng'ambo ya mto Mara waliokuja kumtazama Robhi huku wakijifanya wanazungumzia malisho. Alitamani kuwakubalia. Kilichomzuia ni katibu wa kijiji, kwa sababu siku zile mzazi aliyemtoa mtoto shule kabla hajamaliza alifuatwa na mgambo mpaka mlangoni. Mzee Muhere aliogopa. Uoga wake huo ndio uliokuwa ukimlinda Robhi, hapakuwa na kingine. Na mimi, kwa hati yangu nzuri, nikamwondolea mzee uoga.

Mzee Muhere hakujua kusoma. Alimpelekea barua balozi wa nyumba kumi, akasomewa. Akaomba arudiwe. Kisha akaenda nayo moja kwa moja kwa katibu wa kijiji, yule aliyekuwa akimwogopa, akaiweka mezani. Baba yangu alikuwapo na ndiye aliyetusimulia jioni.

"Katibu, mimi simtoi mtoto shule," Mzee Muhere alisema. "Shule ndiyo imemtoa. Serikali yenyewe imeona amekua. Tazama muhuri."

Katibu aliisoma, akakuna kichwa. "Kama shule imeandika," akasema, "mimi ni nani?"

Kesho yake mama yake Robhi alikuja kwetu, sketi ya bluu imekunjwa chini ya kwapa. Robhi alikuwa amekwisha kupelekwa kwa bibi yake, mahali walipokuwa wakikusanywa wasichana wa msimu ule. Mama yule hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alisimama mbele yangu akaniuliza, "Nyangi, mwanangu, sketi inataka nini? Niambie inataka nini, niifanye. Ikiwa ndefu watamrudisha?"

"Watamrudisha, mama," nikasema. Niliamini hivyo kweli.

Kushona sketi mpya hakukuwezekana, kitambaa kingetoka wapi? Lakini Alhamisi ilikuwa siku ya mnada, na siku ya mnada Mzee Salumu hufika na cherehani yake. Tukakubaliana niende mimi, nimwombe aunge kipande chini, hata cha rangi nyingine, na Ijumaa Robhi awe darasani. Siku mbili zile sikula vizuri. Msichana yeyote aliyepita njia ya kwa bibi yake Robhi nilimkimbilia kumuuliza kama kuna lolote lililofanyika. Bado, walisema, bado.

Alhamisi nilifika mnadani kabla ng'ombe hawajajaa. Mzee Salumu alikuwa amekwisha kutandika jamvi lake, kofia kichwani, anatia mafuta kwenye cherehani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza nimeleta nini. Nikampa sketi na kumweleza: iongezwe chini, mwenyewe amefukuzwa shule kwa kuwa ni fupi.

Hakuchukua utepe wa kupimia. Aliigeuza ndani nje, akanyoosha pindo juu ya goti lake. Kisha akachukua wembe akaugusa uzi mahali pamoja, akauvuta. Uzi wote ukatoka kwa mara moja. Kitambaa kikaanguka chini, bluu mpya kabisa ambayo jua halikuwahi kuifikia, upana wa vidole vinne.

"Nani alimpima huyu mtoto?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa rula."

"Nakuuliza kwa sababu gani, siulizi kwa kifaa gani!" Sauti yake ilipanda, na muuza chumvi aliyekuwa jirani akageuka. "Umesimama umeshika rula, hukuinama ukageuza pindo? Sketi zenu zote nilishona mimi. Kila moja nimeiachia vidole vinne. Kila moja! Nilimwambia mwalimu wenu kwa mdomo wangu huu: hawa ni watoto, watarefuka, wakirefuka wafumulieni. Hahitajiki fundi hapo. Wembe wa kuchongea penseli si mnao?"

"Tunao."

"Basi mkaona kumfukuza mtu ni rahisi kuliko kufumua uzi mmoja?"

Nililia. Hakujali. Alikunja pindo jembamba mno, la kushikilia ncha tu, akalipitisha kwenye cherehani, akapiga pasi ya mkaa. Aliponirudishia alisema jambo la mwisho, safari hii kwa sauti ya chini. "Mtoto huyu akiikosa shule, binti, usije ukasema ni sketi. Sketi ilikuwa tayari. Nyinyi ndio hamkuwa tayari. Haya, kimbia."

Nikakimbia. Sijawahi kukimbia vile tena. Mzee Muhere nilimkuta anaziba zizi kwa miiba, na wageni wawili wa ng'ambo wameketi kivulini wanakunywa maziwa. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikaikunjua sketi mbele yake. Nikamwambia sasa imefika, Robhi anaweza kurudi kesho, tena mtihani umekaribia, tena yeye ndiye wa kwanza darasani.

Aliitazama sketi. Hata aliishika. "Imerefuka kweli," akasema. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa barua yangu iliyokunjwa mara nne. "Sketi umeweza kuikunjua, binti wa Chacha. Na hii utaikunjua?"

"Baba, neno lile sikulikusudia hivyo. Nilitaka kusema amerefuka."

"Hukulikusudia. Mwalimu naye hakulikusudia? Muhuri nao haukulikusudia?" Akairudisha mfukoni. "Mimi sikusoma. Nyinyi mliosoma mkiandika kitu, sisi tunakiamini. Nimekwisha kuwapa wageni neno."

Nikakimbilia kwa Mwalimu Mkuu. Nilimkuta anakula chakula cha mchana. Nilimweleza yote: neno, maana yake kwetu, pindo, Mzee Salumu. Nilimwomba barua nyingine, mistari miwili tu, yenye muhuri, ya kusema Robhi anatakiwa shuleni. Kijiko kilisimama hewani. Nadhani alielewa. Lakini alikiweka kijiko chini polepole, akaniambia kwamba barua ya kwanza imekwisha kufika kwa katibu, na akiandika ya pili inayoipinga, wilaya itauliza ya kwanza iliandikwa na nani.

"Na iliandikwa na nani, Nyangi?"

Nikaikunja ile sketi upya.

"Unataka jina lako liingie kwenye mambo hayo wiki tatu kabla ya mtihani?"

Mwanangu, hapa ndipo penye kosa langu kubwa. Rula ilikuwa utoto. Barua ilikuwa ujinga. Lakini pale nilikuwa najua kila kitu, na katibu alikuwa mita mia mbili kutoka pale, na ningeweza kwenda kumwambia kwamba neno lile ni langu na si la shule. Nilisimama mlangoni na sketi mkononi. Nikaufikiria mtihani wangu. Kisha nikasema, "Hapana, mwalimu," nikaondoka.

Robhi alikeketwa juma lililofuata. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Mara. Siku ya mtihani niliketi peke yangu kwenye dawati letu. Msichana mmoja tu kutoka shule yetu alichaguliwa kwenda sekondari, na ni mimi. Usinipongeze.

Nilisoma, nikafundisha ushonaji na mapishi shuleni mpaka nikastaafu. Mzee Muhere nilimchukia kwa miaka mingi, na Mwalimu Mkuu nilimchukia zaidi, maana ni rahisi kuwachukia watu wengine. Na leo bado nina hasira nao, sitajifanya malaika. Mtoto mwenye akili kama ile aliuzwa kwa neno moja, na watu wazima watatu walioweza kulizuia kila mmoja alimtazama mwenzake.

Nilipofungua kibanda hiki, mwaka wa kwanza, mwanamke mmoja aliingia na binti yake wa mwisho. Mwanamke mwenyewe mrefu, kichwa amekifunga kitambaa cheupe. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Alitaka binti ashonewe sketi ya sekondari. Nilipima nikiwa nimepiga magoti sakafuni, siwezi kumtazama usoni, namba zinanipotea. Ndipo akasema, "Muachie vidole vinne."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza miaka yote, nikayamwaga yote hata mengine hayakueleweka. Aliningoja nimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Barua niliibeba mimi, Nyangi. Umesahau? Na kusoma nilijua. Njiani niliifungua nikaisoma. Niliona lile neno, na nilijua tata, mzee wangu, akisomewa atafanya nini. Palikuwa na mto pale, ningeitupa." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Lakini niliona ni hati yako. Nikasema, Nyangi ni rafiki yangu, ameandika anachokijua. Haiwezi kuwa na ubaya. Nikaifunga nikampelekea tata."

Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kufika kwake. Sketi yenyewe, akaniambia, mama yake alimpelekea huko ng'ambo, akaivaa akichotea maji mpaka ikaisha.

Sasa unajua kwa nini siku ile ya mkutano nilitoka nje huku mwenyekiti bado anazungumza. Nilikwenda langoni, nikamwambia yule msichana aliyeketi juu ya jiwe asimame. Magoti yangu hayapendi tena sakafu, lakini niliinama. Niligeuza pindo lake. Vidole vitatu, vimekunjwa, vinasubiri. Wembe ninatembea nao kwenye mkoba. Nilimfumulia palepale mbele ya mlinzi, nikamshika mkono nikamwingiza darasani. Alikuwa amepewa karatasi ya kupeleka kwa wazazi. Niliomba niione, nikaiona, sikuirudisha. Iko hapa chini ya cherehani yangu, na mwalimu wa zamu akiitaka aje aichukue mwenyewe, nina maneno naye.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, wewe utakayekuwa mwalimu, au mzazi wa kamati, au kiranja kama mimi. Sikukatazi kumwambia mtoto avae kwa heshima. Nimeshona nguo za heshima maisha yangu yote. Ninakukataza kumpima mtoto ukiwa umesimama. Inama kwanza. Geuza pindo utazame kama hakuna nafasi iliyobaki, na mara nyingi ipo, ameiacha mtu mwenye busara kuliko wewe. Mkipima wasichana, niambieni pia mmepima nini kwa wavulana. Na kabla hujaandika neno la kumpeleka mtoto nyumbani, jiulize litasomwa na nani, kwa lugha gani, na mtoto ataibeba barua hiyo akikuamini kiasi gani. Ukikosea, nenda ukaseme siku hiyohiyo kwamba ni wewe, hata kama kuna mtihani kesho. Mtihani hurudiwa. Robhi hakurudiwa.

Mungu akulinde na raha ya kushika rula. Akupe magoti mepesi ya kuinama na ulimi mzito wa kuhukumu. Na wewe binti unayesoma haya, ukiwa umevaa sketi iliyoanza kupanda, usione aibu, njoo Nyamisangura, wembe ninao. Urefuke, mwanangu. Nguo zikukatae kila mwaka, na shule isikukatae kamwe.